Kofia Arobaini na Moja

Zama zile Wareno walikuwa wamekwisha kufukuzwa pwani, na kila mji wenye ukuta na kisima ulikuwa na mfalme wake. Mji wa Shengwe ulitawaliwa na Mwinyi Shaame, mtu mrefu wa joho, mfupi wa subira. Humo ndimo alimoishi Ngwali bin Pandu, ambaye watu walimwita Mwenye Mbiu. Pembe ya nyati aliyoipuliza ilikuwa imepulizwa na baba yake, na babu yake, na watu wengine watano kabla ya hao. Hakuwa na nafasi ya kukaa barazani pamoja na wakubwa. Hata hivyo, hakuna aliyeitwa vitani, aliyeolewa kwa shangwe wala aliyezikwa kwa heshima katika mji ule bila sauti ya Ngwali kutangulia.

Kazi hiyo ilikuwa na sharti. Siku ya kukabidhiwa pembe, Mwenye Mbiu alishika msahafu akaapa kwamba hatatangaza habari bila kumtaja aliyeiona. Kwa hiyo mwisho wa kila tangazo lilikuja jina la mtu. Mbuzi wa Bi Kazija wameingia shamba la wakfu, kaona Hamadi mkwezi. Msafara wa nta umefika kivukoni, kaona Bwana Ussi mwenyewe. Habari isiyokuwa na jina watu wa Shengwe waliiita habari kipofu, na aliyeileta sokoni alichekwa mpaka akaondoka.

Na sharti la pili lilihusu kifo. Mwanamume akifa mbali na mji, mkewe haingii eda mpaka pembe ilie mara tatu na jina la marehemu litajwe. Kabla ya hapo yeye ni mke wa mtu, na sharti akae kama mke wa mtu, ajipambe na kumngoja mumewe.

Mwaka huo watu wa Kele, wenye ngome yao bara, mwendo wa siku tatu kwa kufuata mto, waliifunga njia ya pembe za ndovu na nta. Wazee walimshauri Mwinyi apeleke mjumbe na mtumba wa nguo, maana Kele walikuwa watu wa kusemezana. Mwinyi akaona ushauri huo ni matusi. Akapeleka watu mia tatu, wenye magobore sitini, mikuki na ngao za ngozi ya kifaru, akamweka mpwa wake mbele yao, kijana aliyejua sana kuvaa jambia na hakujua lolote jingine. Katika mia tatu hao alikuwamo Machano, mume wa Mize, na Mize alikuwa dada pekee wa Ngwali, mdogo wake wa ziwa moja.

Siku ya tisa tangu jeshi litoke, Jumatatu asubuhi, Waziri Nasibu alimwita Ngwali katika kumbi za jumba. Waziri huyo alikuwa na sauti laini na mikono safi, na hakupata kuinua sauti yake hata siku moja, kwa sababu alikuwa na wengine wa kumwinulia.

"Tangaza kwamba Kele imeanguka," alisema. "Nyara ni nyingi, hazibebeki. Waliotangulia wamekaa kulinda mali, wanangoja wabebaji. Kila mwanamume mwenye mabega na ajitokeze Ijumaa baada ya sala, na mzega wake na mapakacha yake. Silaha si lazima."

"Alhamdulillahi," alisema Ngwali, na moyo wake ulifurahi kweli. "Kaona nani, bwana?"

"Kaona Mwinyi."

Ngwali alisita. Mwinyi Shaame hakuwa ametoka nje ya ukuta tangu mwezi ulipoandama.

"Niwie radhi, bwana. Nauliza aliyekuwako."

"Nimekusikia. Macho ya Mwinyi ni marefu kuliko yako, Ngwali. Au nikamwambie kwamba mpuliza pembe anataka kujua alisimama wapi alipoona?"

Hapo ndipo palipoharibika. Mtu aliyeapa kwa msahafu alitakiwa aweke pembe chini na kusema hapana. Lakini Ngwali alikuwa amelelewa katika heshima, na heshima ikizidi mno humfunga mtu mdomo wakati uleule anaopaswa kuufungua. Aliinama, akasema, "Labeka," akatoka. Akapuliza pembe mitaa yote, toka lango la bara mpaka msikiti wa Ijumaa, na kila mahali alimalizia kwa kusema, "Kaona Mwinyi." Hakuna aliyecheka, kwani nani angelicheka jicho la mfalme? Wanawake walipiga vigelegele madirishani. Vijana walikwenda mikokoni kukata miti ya mizega, na mafundi wa mapakacha hawakupata usingizi.

Mwanawe Ngwali, Vuai, aliyekuwa na miezi miwili tu tangu kuoa, alikata mzega mrefu kuliko wa wenzake. "Baba, nikuletee nini kutoka Kele?" aliuliza.

"Niletee Machano," Ngwali alijibu kwa kucheka. "Shangazi yako amekwisha kupika mara tatu na chakula kinachacha."

Alhamisi adhuhuri Mize alimwita kaka yake. Nyumba ilinukia udi toka nje. Mize alimpokea mlangoni, ana hina mikononi mpaka kwenye kiwiko, asumini kichwani, na kisutu kipya kiunoni, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa. Alimwongoza mpaka ua wa ndani. Palikuwa na mwanamke amekaa kitako, amejifunika ukaya, na mbele yake pakacha lililofunikwa majani ya mgomba. Mwanamke huyo alipoufunua ukaya alikuwa na ndevu. Alikuwa Faki Mkanga, mpiga zumari wa jeshi.

"Mwenye Mbiu," alisema Faki, "nimesikia umetangaza ushindi."

"Nimetangaza."

"Basi nisikilize mimi niliyekuwako. Tulifika Kele siku ya tatu jioni, tumechoka. Mpwa wa Mwinyi akasema twende alfajiri moja kwa moja, tusipeleke mjumbe, tusipeleleze. Kele walikuwa mateteni pande mbili za mto, wametungoja. Baruti yetu ilikuwa imerowa kivukoni. Kabla jua halijapanda juu ya miti walikuwa wametumaliza. Mimi niliingia maji mpaka shingoni, nikakaa siku mbili. Walipokwisha kuchukua magobore, na jambia, na ngao, wakaondoka. Kofia waliziacha. Nikaokota nilizoweza, arobaini na moja."

Aliondoa majani. Ngwali aliona kofia, zimebandamana kwa tope na damu iliyokauka. Katika mji ule kila mke, mama au dada alimshonea mtu wake kofia, na hapakuwa na mikono miwili iliyofanana. Mmoja aliweka vitobwe vitatu vitatu, mwingine aliupinda mshono kushoto, mwingine alimaliza kwa nyota. Mwanamke aliweza kuitambua kazi yake gizani kwa kidole.

"Wako wengine waliorudi kabla yangu," Faki aliendelea. "Wawili. Niliwaona wakiingia lango la bara Jumapili. Walipelekwa jumbani moja kwa moja, na hawajatoka. Ndiyo maana mimi nikajificha nje ya ukuta mpaka leo, nikaingia kwa ukaya."

Basi Jumapili Mwinyi alikwisha kujua. Ngwali alihesabu siku hizo moyoni.

Mize alikuwa na kofia moja mkononi, ameishika kwa vidole viwili. "Hii ni ya Machano," alisema. "Nimeishona mwenyewe Rajabu iliyopita. Kaka, siku nne nimejifukiza udi. Nimetia hina. Nimelala na asumini kitandani kumngojea mtu anayeliwa na ndege, kwa sababu wewe ulisema yu mzima. Nilikuwa na shaka, jirani akaniambia, kaka yako hawezi kusema uwongo, ana kiapo. Mimi nikaona haya kwa kukushuku."

Ngwali alitaka kumshika bega, Mize akajiondoa.

"Ficheni hili pakacha," alisema hatimaye. "Wewe Faki usitoke. Ngojeni mimi niende jumbani."

Alikwenda hasira imempanda mpaka machoni, akapita walinzi bila kusalimu. Mwinyi Shaame alikuwa amekaa juu ya kiti cha enzi, Waziri Nasibu pembeni yake, na sinia la tende kati yao.

"Mwinyi wangu," alisema Ngwali, "nimekuja kuuliza majina ya waliokufa Kele, ili nilize pembe na wake zao waingie eda."

Mwinyi alimtazama waziri. Waziri alitema kokwa ya tende mkononi, akaiweka taratibu ukingoni mwa sinia.

"Nani kakwambia kuna waliokufa?" aliuliza.

"Sitamtaja leo."

"Basi ni habari kipofu," alisema waziri, na akatabasamu. "Keti, Ngwali. Wewe si mjinga, nami sitakufanya mjinga. Kele wanakuja, na tukiwangoja hapa watu watakimbilia visiwani na ukuta utabaki na kunguru. Mtu aliyefiwa haendi vitani, hulia. Mtu aliyeahidiwa nyara huenda mbio. Wakifika mbele ya adui hawatakuwa na njia ya kurudi, watapigana."

"Kwa mizega?"

"Kwa walichonacho. Watawachelewesha Kele mpaka wenzetu wa kusini watuletee baruti."

Ngwali alimgeukia Mwinyi. Alitumaini kuona haya usoni mwake hata kidogo. Mwinyi Shaame alikuwa akilitazama joho lake, ameona uzi umechomoka.

"Mwanao ni yupi?" aliuliza Mwinyi. "Vuai? Vuai asiende. Apewe mkuki akalinde lango la bara. Nimesema."

Hivyo ndivyo wanavyofanya watu wa namna hiyo. Wakishindwa kukufunga mdomo kwa heshima, wanakufunga kwa mtoto wako. Ngwali alisimama pale, na kwa kitambo kifupi, Mungu amsamehe, alimwona Vuai yu hai langoni, na vijana mia nne wengine hakuwaona kabisa. Kisha akasema, "Labeka, Mwinyi wangu," kwa sauti ileile ya Jumatatu, na wao wakadhani ni jibu lilelile.

Ijumaa baada ya sala uwanja ulijaa. Wanaume mia nne na ushei walisimama na mizega mabegani na mapakacha matupu yananing'inia, wanataniana nani atabeba pembe na nani atabeba ngoma za Kele. Kwenye lango la bara alisimama Vuai na mkuki mpya, ameinamisha kichwa kwa sababu wenzake walikuwa wakimwita mke wa lango. Mwinyi alikuwa juu kwenye rosheni ya jumba na watu wake. Waziri alimpungia Ngwali mkono kwamba aanze.

Ngwali alipanda jiwe la mbiu. Alipuliza mara moja, mlio mrefu wa kushuka. Watu wakanyamaza kidogo. Akapuliza mara ya pili, na waliokuwa wakicheka wakaacha. Alipopuliza mara ya tatu, kizee mmoja karibu na msikiti alikaa chini palepale.

"Enyi watu wa Shengwe," alisema Ngwali. "Kele haikuanguka. Walioanguka ni wetu, mia tatu, alfajiri moja. Amekufa Machano bin Sheha. Amekufa Pandu wa Mkubwa. Wamekufa wana wawili wa Bwana Ussi. Jumatatu nilisimama hapa nikawaambia ushindi, na nikasema kaona Mwinyi. Mwinyi hakuona kitu. Nilidanganya, na nilijua kwamba sijui. Msitoke. Hakuna nyara. Kele wako njiani."

Alingojea kilio. Badala yake alisikia guno, kisha mtu akacheka.

"Jumatatu umesema hivi, leo umesema vile," alisema mhunzi mmoja aliyesimama mbele. "Tukuamini siku gani, Mwenye Mbiu?"

"Na kaona nani?" mwingine alidakia. "Mbona humtaji?"

Ngwali aliufunga mdomo wake. Akimtaja Faki, Faki hatafika machweo.

Waziri Nasibu aliteremka mwenyewe kutoka rosheni, mikono nyuma. Hakuwa na haraka. "Msimkasirikie," aliwaambia watu kwa upole. "Mtu huyu aliniomba jana mwanawe asiende Kele, kwa woga. Mwinyi akamhurumia. Mtazameni Vuai pale langoni. Je, hana mkuki badala ya mzega? Sasa anaona haya kwamba wana wenu watarudi na mali na mwanawe hatapata kitu. Ndiyo maana anataka wote wabaki."

Vichwa vyote viligeuka kuelekea langoni. Uwongo huo ulikaa vizuri kabisa, kwa sababu mkuki ulikuwa wa kweli, na lango lilikuwa la kweli, na Vuai alikuwa pale. Jiwe la kwanza lilimpata Ngwali begani. La pili lilipasua nyusi. Alibaki amesimama juu ya jiwe la mbiu, damu inamwingia jichoni, akihimiza, "Msitoke, msitoke," na sauti iliyotiiwa na mji mzima miaka ishirini sasa haikumgeuza hata mbwa. Alistahili, naye alijua kwamba anastahili, na hilo ndilo lililomuuma kuliko mawe.

Ndipo Mize alipotokea upande wa msikiti. Wanawake wa Shengwe hawakuwa na desturi ya kuingia uwanjani siku ya Ijumaa, kwa hiyo wanaume walimpisha kwa mshangao. Alikuwa amevaa shuka nyeupe ya eda, kichwa hakina asumini. Alikuwa amejisugua hina kwa jivu na mchanga mpaka mikono imechubuka. Nyuma yake alikuja Faki Mkanga bila ukaya, amebeba pakacha, na zumari yake kiunoni kila mtu apate kuiona.

"Mimi nimeona," alisema Faki. "Jina langu mnalijua. Mkitaka kuniua, hayo ni yenu."

Mize alilipindua pakacha katikati ya uwanja, kofia zikaanguka chini.

Walinzi wawili walisogea. Waziri alisema, "Kofia huokotwa popote," lakini kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. Kizee aliyekaa chini karibu na msikiti alikwisha kusota kwa magoti mpaka penye lundo. Aliokota moja, akapitisha kidole pembeni mwake, akaiweka kifuani. Kisha madirisha yakaanza kufunguka, na milango, na wanawake wakatoka wamevaa kisutu na hina ya kumngoja mume, mmoja kutoka mtaa huu na mwingine kutoka ule. Waliinama, wakapekua, wakanusa, wakapapasa mshono. Aliyeiona yake aliichukua akarudi nyumbani bila kumtazama mtu. Ambaye hakuiona alipekua tena, na hao ndio waliokuwa wagumu kutazamwa, kwa maana hawakujua waombe nini.

Mhunzi aliyemcheka Ngwali alimwona mama yake akiokota kofia. Akaushusha mzega wake chini. Jirani yake akaushusha wake. Ikawa hivyo uwanja mzima, miti inawekwa chini mmoja mmoja, na hakuna aliyetoa amri. Wale walinzi wawili walikuwa na ndugu waliokwenda Kele. Walisimama wakitazama lundo. Walipokwisha kushusha mizega, wanaume walikwenda ghala la silaha, wakavunja komeo, wakagawana ngao na mikuki, wakapanda ukutani. Vuai alifunga lango la bara kwa mikono yake, na mhunzi akamsaidia kulitia mapingo.

Kele walifika siku ya nne. Walitarajia kuukuta mji mtupu, kama walivyoambiwa na mateka wao kwamba mji hauna watu tena wa kupigana. Wakaukuta ukuta una watu waliokwisha kulia. Walizingira siku kumi na moja, wakachoma mashamba, wakapoteza watu sabini langoni, kisha wakapeleka mjumbe. Wazee wa mji wakamkabidhi mtumba wa nguo, uleule ambao ungetosha tangu mwanzo, na njia ya pembe ikafunguliwa.

Wewe utadhani Mwinyi Shaame alianguka. Hakuanguka. Wafalme wengi hawaanguki kwa uwongo wao. Huugeuza tu upande wa pili na kuuvaa tena. Siku vita vilipokwisha alimwita mwandishi, na katika tarehe, kitabu cha habari za jumba, iliandikwa kwa wino mweusi na mwekundu kwamba Mwinyi Shaame, kwa hekima aliyopewa, aliwazuia watu wake wasitoke siku ya Ijumaa, akauokoa mji. Kofia hazikuandikwa. Faki hakuandikwa. Ngwali aliandikwa mstari mmoja, kwamba mpuliza pembe alitiwa wazimu na shetani, akapuliza mlio wa msiba bila idhini, na akahamishwa kwa rehema ya Mwinyi.

Alihamishwa kweli, asubuhi, na bunda moja la nguo. Watu walitaka kumzuia. Mhunzi alikuja na wenzake na mikuki. Ngwali aliwaambia waache, kwamba pembe haiwezi kurudi katika mdomo uliokwisha kuichafua, na aliiweka juu ya jiwe la mbiu. Alipita penye nyumba ya dada yake. Mwanamke wa eda hatoki, naye Mize alikuwa ametoka Ijumaa ile moja tu, kwa hiyo alisema naye nyuma ya mlango.

"Kaka, chakula cha njia kiko kizingitini."

"Ahsante, ndugu yangu."

"Sikukusamehe zile siku nne."

"Usinisamehe," alisema Ngwali. Aliweka kiganja juu ya mbao za mlango, akachukua chakula, akaenda.

Aliishi miaka mingi katika mji wa soko bara, akisuka mikeka, mtu mkimya aliyeulizwa habari na kujibu kwamba hajui. Siku moja akaja mfanyabiashara wa nguo kutoka pwani, mcheshi, mjuzi wa visa. Aliketi kibarazani na wanunuzi, akasimulia habari ya Mwinyi Shaame mkubwa wa Shengwe, aliyeona kwa hekima yake hatari iliyojificha, akasimama rosheni, akainua mkono, na watu mia nne wakashusha mizega chini kwa neno lake moja. Watu wakasema mashallah.

Ngwali aliacha kusuka. "Kaona nani?" aliuliza.

Mfanyabiashara alimgeukia kwa wema, kama mtu anayemjibu mzee asiye na elimu. "Kaona Mwinyi mwenyewe, baba. Imeandikwa."

Watu walingoja mzee acheke au akubali. Ngwali alifungua mdomo kusema, na akakumbuka kwamba kinywa cha kwanza kuwatangazia watu maneno hayo katika nchi ile kilikuwa chake.